Kabla hujachukua fomu: kwa mnaoanza kazi kwenye gazeti la mji mdogo

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu wanaotaka kuanza kazi kwenye gazeti la wilaya, na chai ikishamiminwa huwa hawakosi kuuliza: mzee, mtu akishajulikana hivi, si anaweza kugombea? Siwakatishi tamaa. Huwasimulia habari za Warren Harding, mwenye gazeti wa mji mdogo wa Marion, jimbo la Ohio, aliyeishia kuwa Rais wa Marekani. Mazuri yake na mabaya yake yote yalianzia kwenye meza ya uhariri.

Mwaka 1884, hajatimiza hata miaka 19, Harding na wenzake wawili walinunua gazeti la Marion Star lililokuwa taabani. Walilinunua kwa dola 300. Enzi hizo mhariri alikuwa na pasi ya kusafiri bure kwa treni. Kijana akaichukua pasi, akaenda Chicago kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican, akakaa na waandishi wakubwa. Aliporudi nyumbani alikuta sherifu ameshalichukua gazeti kwa ajili ya madeni. Ikabidi aajiriwe na gazeti la wapinzani wa chama chake, amsifu mgombea asiyempenda, mpaka baba yake alipomsaidia kulipata tena lile la kwao.

Nawaomba muishike hiyo pasi ya treni. Siku hizi inakuja kwa sura ya kiti cha mbele kwenye msafara wa mheshimiwa, posho ya semina, au bahasha mlangoni. Kabla hujajua nani anakuja mjini wiki ijayo, jua kwanza karatasi inalipwa lini, mtambo unadaiwa kiasi gani, na ni nani atakayekuja na askari usipolipa. Mhariri mwenye deni hana msimamo, hata akiandika kwa ukali namna gani.

Harding aliporudi kwenye kiti chake alifanya jambo la akili. Toleo la kila siku halikuegemea chama chochote, na la wiki ndilo lililokuwa na harufu ya Republican. Wafanyabiashara wa pande zote mbili wakaona hawana sababu ya kutotangaza. Mji wenyewe nao ulikuwa unapanda: watu 4,000 hivi mwaka 1880, na 12,000 ilipofika 1900. Kulikuwa na viwanda, vikiwemo vya mashine za kuchimbia udongo kwa mvuke, na gazeti likakua pamoja na mji.

Lakini aliyelifanya liingize fedha ni mkewe, Florence, waliyeoana mwaka 1891. Harding alipougua na msimamizi wa usambazaji akaondoka, mama huyu aliingia ofisini kusaidia siku chache. Akakaa miaka kumi na zaidi. Aliwaajiri watoto wa mjini wapeleke gazeti nyumba kwa nyumba, akawafundisha, akawakagua, akahesabu nao senti. Mmoja wa watoto hao, Norman Thomas, alikuja kugombea urais mara sita kwa chama cha Kisoshalisti.

Wengi wenu mnaudharau usambazaji. Mnataka jina lenu liwe juu ya habari, na mambo ya mabunda yafanywe na mwingine. Mimi nilianza na baiskeli, mabunda mawili nyuma, miezi minane. Muuza magazeti wa stendi ndiye aliyenifundisha kwamba ukikosea jina la marehemu kwenye tanzia, ukoo mzima hausomi tena gazeti lako, na hawakuambii. Aliniita pembeni, akaweka kidole juu ya herufi moja, akasema, "Hawa nilikuwa nawauzia nakala sita." Hakuna semina iliyowahi kunifunza zaidi ya kidole kile.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Harding aliwaandikia waandishi wake mwongozo. Ndani yake aliwaambia kila suala lina pande mbili, wazitafute zote, wawe wakweli, wasimuumize mtu bila sababu, wajenge zaidi kuliko kubomoa. Sehemu ya kwanza ningewabandikia ukutani. Ile ya kutomuumiza mtu ni nzuri pia, lakini kwenye mji mdogo hugeuka haraka kuwa kutomuudhi rafiki, na hapo ndipo uandishi unapofia.

Niliwahi kuletewa pakiti ya mbegu. Mkulima aliivuta mfukoni, akaigeuza, akanionyesha tarehe ya kwisha muda imekwanguliwa na kitu chenye ncha. Ukiielekeza dirishani ulikuwa unauona mwaka. Mwenye duka alikuwa akitutangazia kila toleo, na tulikuwa tunaswali msikiti mmoja. Niliahidi kufuatilia. Nilimpigia mwenye duka, akanihakikishia ni pakiti chache, nikaiweka habari "ikomae". Mvua zikanyesha, mbegu hazikuota, si kwa mkulima yule peke yake. Habari niliiandika msimu uliofuata, haikumsaidia yeyote. Watu waliniheshimu vilevile mjini, na hilo ndilo lililonitisha.

Harding alipanda vyeo na tabia hiyo hiyo ya kutomuudhi rafiki. Seneti ya jimbo, unaibu gavana, akashindwa ugavana mwaka 1910, akaingia Seneti ya Marekani kwa uchaguzi wa 1914. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa kibarazani kwake Marion, watu wakimfuata kwa treni, na nyuma ya nyumba kikajengwa kijumba cha waandishi wa habari. Mpinzani wake, James Cox, naye alikuwa mwenye gazeti kutoka Ohio hiyo hiyo. Harding alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Kila mtu alimpenda, naye hakujua kumkatalia mtu. Aliwapa marafiki vyeo. Waziri wake wa mambo ya ndani (wizara ambayo kule Marekani husimamia ardhi ya umma), Albert Fall, alikodisha maeneo ya mafuta ya serikali kwa wafanyabiashara waliompa fedha, akaja kufungwa. Charles Forbes, aliyekabidhiwa ofisi ya kuwahudumia askari wastaafu, naye alifungwa. William Allen White, mwenye gazeti wa Emporia, Kansas, aliandika kwamba Harding alimlalamikia: maadui hawamsumbui, marafiki ndio wanaomnyima usingizi.

Namheshimu kwa mambo mengine. Alikutana na waandishi kwa ratiba, akijibu maswali yao mwenyewe. Ila siku moja alijibu vibaya kuhusu mkataba uliohusu Japani, akapingana na wajumbe wake mwenyewe, na baada ya hapo akataka maswali yaletwe kwa maandishi. Mzoea kuuliza si lazima awe mzuri wa kujibu. Anayefikiria siasa akae kwanza upande wa pili wa meza, mwenzake amhoji bila huruma.

White mwenyewe ni mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 1924 aligombea ugavana wa Kansas akiwa mgombea binafsi, kusudi kuwaanika Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa rangi, waliokuwa wakijipenyeza kwenye vyama. Akashindwa, akarudi kwenye gazeti lake Emporia akaendelea na kazi.

Kuhusu mali, Harding alilimiliki gazeti miaka yote ya siasa. Aliliuza mwaka 1923 akiwa Ikulu, na Agosti 2 mwaka huo akafariki San Francisco. Hapo simfuati. Jomo Kenyatta alipohariri gazeti la Kikikuyu la Muigwithania mwaka 1928, kila msomaji alijua ni la Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu, hakudanganywa. Gazeti la mji halina ruhusa hiyo. Limepewa imani na watu wa vyama vyote, hata na wasio na chama.

Kwa hiyo ukiamua kugombea, hata udiwani, kabidhi uhariri kabla ya kuchukua fomu, si baada ya kura za maoni. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba mwenye gazeti ni mgombea, una hisa ngapi, na nani anaamua habari tangu leo. Mwambie mhariri mpya, mbele ya wafanyakazi, kwamba simu yako asiipokee kuhusu habari yoyote ya kata yako. Matangazo yako ya kampeni ulipe bei ileile anayolipa mpinzani wako, na risiti zikae kwenye faili ambalo mpinzani huyo anaweza kuja kuliomba akapewa.