Kuja Kongo mwezi gani? Taja kwanza mji unaoenda

Anayeuliza "nije Kongo mwezi gani", yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hapati jibu mpaka aseme anaenda mji gani. Ikweta inaikata nchi hii, theluthi moja hivi ikibaki kaskazini na theluthi mbili kusini. Mvua inapokata Lubumbashi, kusini kabisa, mwezi wa Aprili, Gbadolite ya kaskazini ndiyo kwanza inaingia katika miezi yake ya mvua. Kule kiangazi ni Desemba hadi Februari, wakati sisi huku Lubumbashi tunakanyaga matope. Mbandaka iko juu ya Ikweta yenyewe na mvua inanyesha mwaka mzima, kwa hiyo usisubiri mwezi mkavu, utasubiri bure.

Tuanze na Lubumbashi. Mvua inashika Novemba na kukata Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba unaanika nguo bila kutazama juu. Kinachowaumiza wageni ni baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, hali vyumba vingi havina cha kupasha joto. Lete sweta nzito na soksi, na uulizie blanketi la pili kabla ya kulipia chumba. Ikifika saa sita mchana utabaki na shati tu.

Agosti na Septemba vumbi jekundu linachanganyika na moshi wa pori linalochomwa, na anga inafifia. Mwenye pumu asichague miezi hiyo. Oktoba ndiyo yenye joto kali, lakini mpenda picha asiidharau: miti ya miombo inachipua majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka.

Ugumu hasa uko kwenye maporomoko ya Lofoi, katika mbuga ya Kundelungu kaskazini mwa Lubumbashi, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mkupuo mmoja. Februari maji ni mengi lakini njia imekufa: udongo ukilowa unateleza, lori moja linazama, na yote yaliyo nyuma yake yanalala hapo hapo. Septemba njia ni kavu, ila maji yamebaki kidogo mno kwa safari ndefu namna hiyo. Sisi tunashauri Mei hadi mwanzo wa Juni, ardhi ikiwa imeshika na mto ungali na nguvu. Kipimo chetu ni wiki mbili zilizopita bila mvua kubwa; zisipotimia, ahirisha. Nenda na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, koleo, kamba nene ya kuvutia, mafuta ya kwenda na kurudi, na maji ya kunywa lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Koleo watu hulisahau, nalo ndilo linalokutoa tope likifika kwenye ekseli.

Goma na Bukavu, mashariki mwa nchi, ziko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na zina viangazi viwili: kirefu cha Juni hadi Agosti, na kifupi cha Januari na Februari. Lakini tangu miji hiyo ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, swali la kwanza ni usalama na njia ya kufika. Uliza watu walioko huko wiki hiyo hiyo. Kalenda ya mvua ifuate baadaye.

Kinshasa ni kavu Juni hadi Septemba mwanzoni, na mara nyingi mawingu yanafunika jua bila kunyesha. Kwa hiyo anayetaka Kinshasa na Lubumbashi katika safari moja achague Juni. Mwenye nia ya kupanda na boti mtoni asifuate ushauri huo: Julai na Agosti maji ya mto Kongo yanashuka na boti zinakwama kwenye mchanga. Desemba mto umejaa.

Na kama kazi inakuleta huku Lubumbashi Januari, njoo tu. Ni miezi ya uyoga, unauzwa kando ya barabara, na ukipikwa vizuri bukari (ugali wetu) inaisha haraka. Chagua ndege ya asubuhi, maana mvua za radi hupenda kupiga alasiri, na uache siku moja wazi kabla ya ndege ya kutoka nje ya nchi. Lala ndani ya chandarua. Chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya kuondoka kwenu, kwa sababu kadi haihesabiki kabla ya siku hizo kutimia, na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kadi hiyo inaulizwa kiangazi na masika.