Usimguse root, mpe toor (mie nililala ofisini)

Jana usiku kijana mmoja wa Likasi kanitumia meseji: "Mukubwa, mu mashini ya zamani ya FreeBSD naona akaunti inaitwa toor, ina namba 0 sawa na root, ni mwizi? Niifute?" FreeBSD ni mfumo wa kuendesha kompyuta, na root ndiyo akaunti ya msimamizi, namba 0, anaruhusiwa kila kitu. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana swali hilo hilo lilishanipata zamani nikifanya kazi ofisi moja hapa Lubumbashi, na sikuuliza mtu.

Ripoti ya usalama ya kila asubuhi ilikuwa inaandika root 0, chini yake toor 0. Nikajua nimemkamata mtu. Nikafuta! Nikamtangazia na bosi kwamba nimefukuza mwizi, akaninunulia bukari na samaki. Kumbe toor ni root iliyoandikwa kinyumenyume, mfumo unakuja nayo wenyewe.

Haikupita wiki, csh, sheli ya root (programu inayopokea amri unazoandika), ikanichosha, nikamwekea sheli nyingine, bash. Sasa bash kule si ya mfumo, inakaa /usr/local/bin na inategemea maktaba za pembeni (vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingine). Nikasasisha programu, maktaba moja, libintl, ikabadilika namba, bash ikawa inatafuta ile ya zamani. Naandika root, naandika paswedi, najibiwa "Shared object not found", narudishwa login. Tena. Tena. Na paswedi ni sahihi jamani, hiyo njo iliniuma. Nililala kwenye kiti.

Asubuhi akaja mukubwa mmoja, akawasha mashini na boot -s (hali ya matengenezo), ikauliza sheli gani, akabonyeza Enter tu akapata /bin/sh. mount -u / na mount -a kufungua diski, kisha vipw (amri ya kuhariri orodha ya akaunti), akarudisha mstari wa root. Dakika tano. Alipoona toor haipo hakusema kitu, aliniangalia tu, na yale macho sijayasahau mpaka leo.

Kwa hiyo root mwachie sheli ya mfumo, bash yako mpe toor, na umpe paswedi kwa passwd toor sababu anakuja amefungwa kwa nyota (* mahali pa paswedi). Bash ikifa unaingia kwa root. Tangu FreeBSD 14 ya 2023 root anakuja na sh, kwa hiyo csh si kisingizio tena. Na ukibadilisha sheli usitoke kwanza, jaribu kuingia kwenye terminali ya pili, nasema usitoke! Ninyi vijana mnafuta kila msichokijua, mnaona ndiyo ufundi.

Nilipomwandikia yote hayo akajibu: "Nimeshaifuta mukubwa."

Haya. vipw.