Skrubu ya bomba imelika kichwa

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Bomba la sinki la jikoni linadondosha maji usiku kucha. Nataka kubadili washa (kile kipete cha mpira cha ndani kinachozuia maji), lakini skrubu inayoshika mkono wa bomba imelika, ile nyota imebaki shimo la mviringo. Mkono wenyewe ni wa plastiki. Ninunue bomba jipya?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Bado. Funga koki ya kwenye mita, ziba tundu la sinki kwa kitambaa, na weka kando bisibisi uliyoanza nayo. Skrubu nyingi za hapo zinataka nyota namba 2. Namba 1 inaingia lakini inacheza, ndiyo inayokula kona. Halafu kuna kutu: skrubu ya chuma ndani ya shaba yenye unyevu huoza haraka, na kutu ikajaa kwenye meno.

Chokonoa uchafu kwa sindano, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, uache mpaka kesho yake. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kiweke kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza kwa uzito wa bega ndipo uzungushe polepole. Wengi huzungusha tu bila kukandamiza.

Ikigoma, na kichwa kimechomoza, kikate mfereji kwa msumeno wa chuma utumie bisibisi bapa. Kikiwa kimezama, ni keekee. Vaa miwani, piga alama katikati kwa ponchi, anza na biti ya milimita 3, kisha 4 kama skrubu ni M4, yaani ya unene wa milimita 4. Toboa kina cha kichwa tu. Ukizidi utaharibu shina la shaba, ile nguzo ya ndani inayozungushwa na mkono, maana shaba ni laini. Kichwa kikikatika, mkono unatoka na kisiki kinabaki nje: kibane kwa plaizi, zungusha. Moto usitumie kabisa, utayeyusha plastiki na mpira wa ndani.

Kisiki kikikatikia ndani, badili sehemu ya ndani ya bomba. Nenda nayo mkononi sokoni Mwanjelwa, kwani idadi ya meno ya shina hutofautiana na kwa macho utadanganyika.

SWALI: Baada ya kutoa ya zamani, nirudishie skrubu gani?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, unene na urefu uleule. Ipake grisi ya silikoni kidogo. Ya magari hapana, inavimbisha mpira. Kaza mpaka mkono usicheze, basi.