Diski Ni Yangu, Nakala Je?

Barua nyingi safari hii zina lalamiko moja: gemu nimenunua kwa pesa yangu halali, mbona nikitaka kuweka nakala ya akiba nasemwa kama mwizi? Nimechagua maswali machache.

Diski yangu ya gemu imeanza kuchakaa. Nikitoa nakala moja nikaifungia kabatini, nimevunja sheria?

Kwanza itoe hiyo diski uiinue mbele ya taa. Kama ni CD ya zamani na unaona vitundu vya mwanga mithili ya vilivyotobolewa kwa sindano, umeshachelewa kidogo. Kwenye CD, tabaka lenye data limelala chini tu ya upande wenye maandishi, si ule unaong'aa ambao sote tunauogopea mikwaruzo.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi, na watunga sheria waliiona mapema. Marekani, tangu 1980, kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki kinamruhusu mwenye nakala halali ya programu ya kompyuta kutoa nyingine ya akiba. Mwaka 1991 Ulaya nayo ikaamua kwamba mkataba usimzuie mtumiaji halali kutoa nakala ya akiba anayoihitaji ili aendelee kuitumia programu yake.

Mahakama za Marekani, hata hivyo, hazikuimba wimbo mmoja. Mwaka 1983 Atari, kampuni ya gemu, iliishtaki JS&A, kampuni iliyokuwa ikiuza kifaa cha kunakili katriji, yaani vile vibweta vya gemu vya kuchomeka kwenye mashine. Mahakama ikaegemea upande wa Atari: akiba ni ya vitu vinavyoweza kuharibiwa na hitilafu ya umeme au mashine, na katriji si dhaifu hivyo. Mwaka 1988, katika kesi ya Vault dhidi ya Quaid, mahakama ya rufaa ilikisoma kifungu kilekile ikasema akiba ni kinga dhidi ya kila aina ya balaa, hata mkono wa binadamu. Mimi niko na hawa wa pili. Aliyewahi kuishi nyumba moja na mtoto wa miaka 3 ananielewa.

Sasa kama inaruhusiwa, kwa nini kila mtu anasema ni kosa?

Kwa sababu ya kufuli. Diski ya konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, mara nyingi imefichwa kwa msimbo, au ina alama ambayo diski uliyochoma nyumbani haiwezi kuibeba. PlayStation ya kwanza, kwa mfano, ilitafuta mtikisiko mdogo uliochorwa kwenye mfereji wa data karibu na kitovu cha diski. Haukuwepo? Gemu haikuwaka.

Sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, inakataza kuvunja kinga za namna hiyo, na haina msamaha wa jumla kwa anayetaka akiba tu. Yaani umealikwa karamuni, ukafika ukakuta mlango umekomewa. Ulaya nayo, katika kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box ya 2014, mahakama ilisema gemu si programu tupu, kwani ina picha na sauti zinazolindwa kivyake. Kwa hiyo kanuni kali za kulinda kufuli zinaihusu. Lakini ikaongeza kwamba kinga yenyewe isivuke kiasi. Kwa ufupi, katriji kongwe isiyo na kufuli na diski ya konsoli ya leo si kesi moja, hata kama zote umezinunua.

Gemu ninayo. Nikiipakua tu kwenye intaneti badala ya kuhangaika kuinakili?

Hapo hukunakili diski yako, umechukua nakala ya mtu mwingine ambaye hakuwa na ruhusa ya kuigawa. Risiti yako haiisafishi.

Nimesikia ukiifuta ndani ya saa 24 si kosa.

Uzushi. Hakuna kifungu kama hicho.

Nikiuza diski, akiba nibaki nayo?

Hapana. Kifungu cha 117 kinataka akiba iharibiwe pale haki yako ya kuwa na programu inapokwisha, na ukiuza, akiba iende pamoja na ile ya asili. Mahakama ya Ulaya mwaka 2016 iligusa upande wa pili: hata diski ya asili ikipotea au kuharibika, huna ruhusa ya kuuza akiba bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Na emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta iige konsoli, yenyewe ni haramu?

Si lazima. Mwaka 2000 Sony ilishindwa na Connectix katika mahakama ya rufaa Marekani, kuhusu programu iliyochezesha gemu za PlayStation kwenye kompyuta. Tatizo huja kufuli likiingia: Machi 2024 waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Switch, konsoli ya Nintendo, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuifunga kazi. Kesi iliisha kwa maafikiano, bila kusikilizwa.

Mimi sina diski, nilinunua dukani mtandaoni. Nanakili nini?

Swali gumu kuliko yote. Kwa kawaida hapo ulichonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia tu, na masharti yake ndiyo yanayotawala. Na hata ungekuwa na nakala, ingekufaa nini kama gemu haiwaki bila seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mtandaoni? Kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake The Crew tarehe 31 Machi 2024, na waliokuwa na diski mkononi wakafungiwa nje pamoja na waliopakua. California sasa, tangu 2025, inalitaka duka la namna hiyo limwambie mnunuzi waziwazi, kabla hajalipa, kwamba anapata leseni.