Wasomaji Wauliza: Wimbo wa Huzuni Unaonipa Nguvu

SWALI: Mwalimu, ninakusalimu. Mimi ni mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Tangu baba wa watoto wangu alipofariki mwaka jana, wanangu huniwekea nyimbo za kuchangamka kwenye simu ili nifurahi, lakini nyimbo hizo hunichosha. Wimbo unaonisaidia ni ule wa polepole tunaouimba kanisani tunapomsindikiza marehemu. Nikiuimba ninalia, kisha kesho yake ninaamka na nguvu ya kwenda ziwani kupokea samaki. Wanangu wanasema ninajitonesha kidonda. Je, ni kweli?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, pole sana kwa msiba huo. Wanao wanakupenda, na kosa lao ni dogo: wameupima wimbo kwa uchangamfu wake, wakasahau kumtazama anayeusikiliza. Usikilize vizuri wimbo wako huo. Nyimbo nyingi za maziko huanza kwa sauti ya chini, kwa mistari mifupi, besi wakiwa wameshika noti moja kwa muda mrefu, na ni kwenye kiitikio tu ndipo soprano hupanda. Anayeomboleza hukuta mahali pake tangu mstari wa kwanza, na sauti zinapopanda yeye tayari yumo ndani, hupanda pamoja nazo. Wimbo wa kuchangamka huanzia juu, na mtu mwenye majonzi hubaki akiutazama unavyopita.

Nimefundisha kwaya katika mji huu kwa miaka mingi, na jambo hili nililiona waziwazi jioni moja huko Ibanda, umeme ulipokatika katikati ya mazoezi huku mvua ikipiga mabati kwa nguvu. Mzee mmoja wa besi, aliyekuwa amemzika kijana wake wiki hiyo, alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na daftari lake limefungwa juu ya magoti. Kwa kuwa hatukuweza kusoma karatasi gizani, tuliimba wimbo tuliouzoea, wa kusindikiza maiti. Katika ubeti wa kwanza mzee hakuimba. Katika wa pili nilimsikia akivuta pumzi pale pale besi wanapovuta, lakini sauti haikutoka. Kwenye kiitikio cha tatu aliingia kwa noti moja tu, ile ya chini kabisa inayobeba sauti nyingine zote, akaishika mpaka mwisho. Umeme uliporudi uso wake ulikuwa umelowa machozi, naye akaniuliza mazoezi yajayo yatakuwa siku gani.

Ile pumzi aliyoivuta kabla ya sauti kutoka ina maana kubwa. Anayeimba hulazimika kuvuta hewa haraka na kuitoa polepole mpaka mwisho wa mstari, na kutoa pumzi kwa utaratibu hivyo hupunguza kasi ya moyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, nchini Sweden, waliwapima vijana wakiimba pamoja, wakaona kwamba mapigo ya mioyo yao yalielekea kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa kufuata pumzi ambazo wimbo uliwapangia. Basi mama, unapoimba na wenzako kanisani, mwili wako unapumzishwa na watu wote wa benchi lako, hata kama hakuna aliyekwambia neno la faraja.

Tena wimbo huo unaujua kwa moyo, na hilo nalo lina kazi yake. Watafiti wa Montreal, nchini Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu anaposikia muziki unaomsisimua, ubongo wake hutoa dopamini, kemikali inayohusika na raha, na kwamba huanza kuitoa hata kabla ya sehemu anayoipenda kufika, wakati bado anaingojea. Wewe unajua kiitikio kinakuja. Katika miezi ambayo hujui kesho italeta nini, si jambo dogo kuwa na kitu kimoja ambacho una hakika kitafika.

Hapa hapa mjini petu, katika hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, kuna programu ambamo wanawake waliotendewa ukatili hutunga nyimbo zao wenyewe na kuzirekodi, wakiwa pamoja na mtaalamu wa saikolojia na fundi wa studio. Hawalazimishwi kutunga nyimbo za furaha; huanza na yaliyowapata. Kwa hiyo endelea kuimba, mama, na uimbe kwa sauti, usiishie kusikiliza tu. Waombe wanao wakae nawe jioni moja, washike alto na besi. Lakini ukiona machozi hayaleti tena nafuu, usingizi unakimbia na chakula hakipiti kwa wiki nyingi, usiuachie wimbo mzigo wote: nenda ukaongee na mtu wa afya.

SWALI: Mwalimu, ninapiga gitaa na ninatunga nyimbo za kutia moyo kwa Kiswahili. Maneno yangu ni mazuri, ya matumaini na ushindi, lakini watu husikiliza kwa adabu tu. Ninakosea wapi?
Kijana wa Bagira, Bukavu

JIBU: Ndugu yangu, sijausikia wimbo wako, ila nitakuonyesha mahali ambapo watunzi wetu wengi hujikwaa. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tukisema «nitasimama», uzito uko kwenye «ma» ile ya kwanza. Tukisema «matumaini», uko kwenye «i» iliyo kabla ya «ni». Mtunzi aliyezoea nyimbo za Kifaransa hupenda kuiangusha ngoma nzito kwenye silabi ya mwisho, na hapo neno hupinda. Msikilizaji hawezi kueleza kilichomsumbua, lakini neno halikumfikia. Kabla ya kushika gitaa, yaseme maneno yako kwa sauti kama unayemwambia dada yako, upige meza kwa kidole pale uzito unapoangukia, kisha uijenge tyuni juu ya mapigo hayo.

Halafu wasikilize wazee wa Katanga. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akiwa na gitaa moja tu. Dole gumba lilitembeza besi, kidole cha shahada kikaimba juu yake, na mwendo huo peke yake ulitosha kumwinua mtu kwenye kiti kabla neno halijatamkwa. Ushindi usiutangaze, uache vidole viutembee. Na katika maneno, weka kitu kinachoonekana. Mama anayepanda mlima wa Kadutu na beseni kichwani alfajiri humtia moyo msikilizaji kuliko neno «ushindi» likirudiwa mara kumi, kwa sababu msikilizaji ameshakutana naye.

SWALI: Binti yangu anajitayarisha kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na husoma akiwa na nyimbo masikioni. Anasema zinampa moyo. Nimkataze?
Baba wa Muhumba, Bukavu

JIBU: Usimkataze nyimbo, baba, mpangie saa. Wimbo wenye maneno hugombana na maneno ya kitabu, hasa wakati wa kusoma au kukariri. Asikilize ule anaoupenda kabla hajafungua daftari, auimbe akitaka, kisha azime simu asome. Akichoka, baada ya saa moja hivi, aurudie tena akiwa amesimama nje uani.