Doa Halitoki kwa Kusuguliwa

Ukiona uso una madoa, au mikono imekuwa ya kukwaruza, kitu cha kwanza kinachokujia kichwani ni dodoki. Baada ya dodoki, jiwe. Baada ya jiwe, sukari iliyochanganywa na ndimu. Nakuomba uviweke chini vyote kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu ngozi zetu hizi nyeusi na za maji ya kunde zina tabia moja ambayo usipoijua utahangaika nazo miaka na miaka: popote zinapoumia, hujibu kwa kuongeza rangi. Chunusi iliyotumbuliwa, upele uliokunwa, wembe, mbu, tone la mafuta ya kukaangia lililokurukia mkononi. Dodoki likikwaruza vya kutosha, nalo ni jeraha kama hayo mengine. Anayesugua doa analilisha.

Naandika haya kama mtu aliyeishi nayo. Vipele vya mikononi nimekuwa navyo tangu shuleni, na chunusi zilipoanza ziliniachia mashavu ambayo watu waliyaona kabla ya kuniona mimi. Kila shangazi alikuwa na dawa yake. Aliyenisaidia ni daktari wa ngozi, na kilichonisaidia zaidi ya krimu alizoniandikia ni kuelewa kinachoendelea.

Binadamu wote tuna karibu idadi ile ile ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, yaani melanini. Tofauti ya mweusi na mweupe iko kwenye vifuko vya melanini hiyo: kwetu ni vikubwa zaidi na vimetawanyika vizuri. Hiyo ni neema, maana inatukinga na jua kwa kiasi. Lakini seli hizo zikiguswa na uvimbe hushtuka na kumwaga rangi kupita kiasi. Rangi ikibaki kwenye tabaka la juu, doa huwa la kahawia, na huondoka ndani ya miezi. Ikizama tabaka la chini, doa huonekana la kijivu au la samawati, na hilo linaweza kukaa miaka. Simama dirishani kwenye mwanga wa mchana ukayatazame madoa yako vizuri. Rangi yake itakuambia ujiandae kwa subira ya namna gani.

Tabaka la juu la ngozi huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujibadilisha. Kwa hiyo chupa inayokuahidi kuondoa madoa kwa siku 7 inakuahidi jambo ambalo mwili wenyewe hauwezi kulifanya kwa usalama. Kitu pekee kinachoweza kubadilisha rangi ya uso kwa wiki moja ni kile kinachouumiza.

Daktari alipoutazama uso wangu hakuanza kuuliza napaka nini. Aliuliza kama chunusi mpya bado zinatoka. Zilikuwa zinatoka. Akaniambia basi madoa tuyaache kwanza, tushughulike na chunusi, kwa kuwa kila moja inayopona inaacha doa lingine, na tukianza na madoa tutakuwa tunateka maji kwa pakacha. Kwa chunusi aliniandikia dawa mbili ambazo famasi nyingi wanazo. Ya asubuhi ilikuwa benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo, na ya usiku adapalini ya asilimia 0.1. Ya kwanza huchujua rangi ya taulo na foronya, kwa hiyo tumia nyeupe. Ya pili inataka nidhamu: kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, ukianza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka unaofuata, kwa sababu ikikukausha na kukuwasha itazaa madoa mapya. Mwenye mimba, au anayetafuta mimba, asiiguse adapalini.

Chunusi zilipotulia ndipo tukaingia kwenye madoa yenyewe, na hapo naisifu asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 hadi 20. Ina historia ninayoipenda. Kuna fangasi wa ngozi anayeacha mabaka mepesi kifuani na mgongoni, mnamjua, hasa misimu ya joto. Wanasayansi walipochunguza kwa nini mabaka yale yanapoteza rangi, katika miaka ya 1970, waligundua kwamba fangasi huyo anaweza kutengeneza asidi hii inayozuia utengenezaji wa melanini. Leo ni dawa ya madoa na ya chunusi kwa pamoja. Hugusa zaidi seli zilizochangamka kupita kiasi kuliko zile zilizotulia, kwa hiyo haikubadilishi rangi yako ya kuzaliwa, na wajawazito huruhusiwa kuitumia. Huwasha kidogo siku za mwanzo. Ukikosa hiyo, niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 ni ya upole na inasaidia, ingawa polepole zaidi.

Mtu mweusi akiambiwa apake losheni ya kukinga jua huona anafanyiwa mambo ya Wazungu. Ni kweli kinga ya asili ya ngozi nyeusi imekadiriwa kuwa kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua), na hatuungui upesi kama wao. Lakini hapa tunazungumzia doa, na doa halihitaji uungue ndipo likolee. Linahitaji jua la kila siku tu, la kituo cha daladala na la bodaboda. Nilikaa miezi nikipaka dawa usiku na mabadiliko yakawa kidogo, nilipoongeza kinga ya jua ndipo nikaanza kuona mashavu yanasawazika. Chukua SPF 30 au zaidi, mstari mmoja kwenye urefu wa kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kwa uso na shingo, asubuhi, kisha urudie ukishinda nje. Kofia pana, mtandio au mwavuli vinafanya kazi kubwa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na havina gharama ya kila mwezi.

Kwa wenye mabaka mapana mashavuni na juu ya mdomo, yale yanayokuja na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, kuna nyongeza. Siyo miale ya jua isiyoonekana tu inayoyakoleza, hata mwanga wa kawaida tunaouona huyakoleza kwenye ngozi nyeusi. Losheni zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksidi za chuma, huzuia mwanga huo. Hizo ndizo za kuwatafutia, na pia haziachi ule weupe wa chokaa usoni.

Na ndimu? Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua, huunguza na kuacha weusi unaodumu wiki hadi miezi. Dawa ya meno juu ya chunusi nayo huunguza.

Sasa mikono. Vile vipele vidogo vigumu vya nyuma ya mikono na mapajani, ambavyo ukipitisha kiganja unahisi msasa, si uchafu wala si fangasi. Ni ngozi iliyokufa iliyojazana kwenye vitundu vya vinyweleo na kuviziba. Mara nyingi hurithiwa. Mama yangu anavyo, na mwanangu ameanza kuvionyesha. Havina tiba ya moja kwa moja, hulainika ukivihudumia na kurudi ukiviacha. Kinachovilainisha ni krimu yenye yurea ya asilimia 10 hadi 20, au losheni yenye asidi ya laktiki, kila siku. Mimi naoga maji ya vuguvugu, siyo ya moto, kwa sabuni isiyokausha, najifuta kidogo tu, na ngozi ikiwa bado na unyevu napaka yurea. Usiku juu yake naweka mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato. Jamani, mafuta ya mgando tusiyadharau. Kwa bei yake ni vigumu kupata kinachozuia maji yasitoke mwilini vizuri kama hayo. Mengi tunayoyaita ngozi mbaya, viwiko vyeusi, miguu ya kijivu, magoti yenye magamba, ni ukavu uliochanganyika na msuguano, na huanza kupungua ndani ya wiki chache za kupaka mafuta vizuri. Usoni kwa mwenye chunusi yaweke kando, utafute losheni nyepesi.

Wanaume wenye vipele vya ndevu, hapo mkosaji ni ndevu zinazojikunja na kuingia tena ndani ya ngozi baada ya kunyolewa kwa wembe hadi chini kabisa. Tumia mashine inayobakiza kidogo, na umuombe kinyozi asikwangue.

Nimefika kwenye mkorogo, zile krimu za kuchubua ngozi, na hapa sitapunguza maneno, kwa sababu nimeona ulichomfanyia binamu yangu ninayempenda. Alianza akitafuta kuondoa madoa tu, kama mimi. Muuzaji alimwambia, "Dada, hii haichubui, inang'arisha tu." Uso ukang'aa kweli. Halafu ukaanza kuwasha na kuwa mwekundu kila alipokosa kupaka, vidole vikabaki na sugu nyeusi, na mapajani ikatoka michirizi mipana ambayo haitafutika.

Ndani ya makopo yale mara nyingi kuna mojawapo ya vitu vitatu. Kuna klobetasoli, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) miongoni mwa zile kali kuliko zote za kupaka, ambayo daktari kwa kawaida huitoa kwa wiki mbili tu na siyo kwa uso. Ikitumiwa miezi hukondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi, na hufunika fangasi mpaka wanaenea. Kuna haidrokwinoni, ambayo ni dawa halali mikononi mwa daktari kwa muda maalumu, lakini ikipakwa miaka inaweza kuleta weusi wa samawati usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliuandika ugonjwa huo mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vya kuchubua mwaka 1990. Na kuna zebaki, ambayo huharibu figo, na inamfikia hata mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unaikataza kwenye vipodozi. Tanzania nayo imevipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini sokoni vipo, na kopo linaweza lisiitaje zebaki mahali popote. Krimu isiyo na orodha ya viambato, au iliyochanganywa kwenye kikopo kitupu mbele yako, usiipeleke usoni.

Kama tayari uko kwenye mkorogo na unasoma hili kwa hofu, tafadhali usijione umepotea. Usiuache ghafla peke yako ikiwa umeutumia muda mrefu. Uso unaweza kulipuka kwa wekundu na vipele, na wengi hapo hurudi kwenye kopo. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu. Binamu yangu alipitia hayo, ilichukua muda mrefu, na leo ana rangi yake.

Yapo madoa ambayo hayatakiwi kusubiri krimu yoyote. Baka lililopauka au jekundu ambalo ukilichoma kwa ncha ya kijiti husikii kitu linaweza kuwa ukoma, ambao bado upo kwetu, na dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Shingo au kwapa lililokuwa jeusi na nene, lenye mguso wa mahameli, linastahili kipimo cha sukari. Doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha lionwe haraka, kwa kuwa saratani ya ngozi kwa watu weusi hupenda kujificha huko.

Madaktari wa ngozi ni wachache, najua, lakini usikate tamaa ukiwa wilayani. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na kimefundisha madaktari na maofisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa wako kama kuna aliyepitia huko. Hapo hapo Moshi ndipo hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ndugu zetu wenye ualbino.

Siku ya kwenda, kusanya kila unachopaka: sabuni, losheni, mafuta, hata kile kikopo ulichopewa na jirani, utie kwenye mfuko mmoja umpelekee daktari mezani. Uende uso mtupu, bila poda. Na piga picha ya madoa yako kwenye mwanga wa dirisha kabla hujaanza dawa, kisha nyingine kila mwisho wa mwezi mahali pale pale, maana kwenye kioo cha kila asubuhi mabadiliko ya polepole huyaoni.