Kitambi Sugu: Vyuma na Kukimbia Vigawane Kazi

Wanaoniomba ushauri kuhusu kitambi huanza na swali lilelile: nikimbie au ninyanyue vyuma? Huwa nawajibu vyote viwili, lakini kila kimoja kina kazi yake. Ukitaka kukimbia kukufanyie kazi ya vyuma, utachoka bure.

Kwanza tuelewane kuhusu sitapu, yale mazoezi ya kulala chali na kuinua kifua. Huimarisha misuli ya tumbo, na hilo ni jema, ila hazichomi mafuta yaliyolala juu ya misuli hiyo. Huwezi kuuchagulia mwili mahali pa kutoa mafuta. Tena tumboni kuna mafuta ya aina mbili: yale ya chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyafinya kwa vidole, na yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo hatari zaidi kwa kisukari na magonjwa ya moyo, na ndiyo yanayoitikia upesi mazoezi ya kuhemesha, kama kukimbia na kutembea haraka. Yale ya kufinywa hung'ang'ania. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na afya bora zaidi kabla kioo hakijamwonyesha lolote.

Sasa, kwa nini vyuma? Unapopungua kwa kula kidogo na kukimbia tu, mwili hautoi mafuta peke yake, unatoa na misuli. Unakuwa mwembamba wa mikono na miguu, na tumbo bado lipo. Nimewaona wengi wakikata tamaa hapo, na inaniuma, kwa sababu bidii wanayo. Kunyanyua vitu vizito kunauambia mwili kwamba misuli hii bado inahitajika, usiiguse.

Mimi huweka vyuma kuwa nguzo ya wiki. Siku 2 au 3 zinatosha, zikiachana walau siku moja, na mazoezi yawe yale yanayotumia misuli mikubwa: kuchuchumaa na kusimama, pushapu, kuvuta uzito kuelekea kifuani, kuinua mzigo kutoka chini. Chukua kuchuchumaa. Shika dambeli, kile chuma kifupi cha mkononi, kifuani kwa mikono miwili, tanua miguu usawa wa mabega, shuka polepole visigino vikiwa vimekanyaga vizuri, kisha panda huku ukitoa pumzi. Rudia mara 8 hadi 12. Zile mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, mapaja yatetemeke kidogo, lakini mgongo usipinde. Ukimaliza ya 12 huku ungeweza kupiga soga, mzigo huo umekuwa mwepesi, ongeza.

Kukimbia hujaza nafasi iliyobaki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kasi ya wastani, au 75 hadi 150 za kasi kubwa, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Kasi ya wastani ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa, na kwa mwenye uzito mkubwa au magoti yanayouma, ndiko ninakopendelea aanzie. Mkimbio wa kasi mara moja kwa wiki unatosha kwa wengi. Siku ya kufanya yote mawili, anza na vyuma mwili ukiwa bado na nguvu.

Chakula sitakizungukia: usipokula pungufu kidogo ya unachotumia, kitambi hakitoki. Punguza kiasi, protini isikosekane kila mlo, na ulale saa 7 au zaidi. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kuanza.

Kuhusu kipimo, mizani usiiamini peke yake, maana misuli nayo ina uzito. Tumia futi ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kawaida bila kubana tumbo, izungushe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ikae bila kuzama kwenye ngozi. Lenga kiuno kisichofika nusu ya urefu wako. Pima asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Namba ikigoma wiki 3 au 4 mfululizo, ongeza dakika za kutembea na uangalie tena sahani yako, lakini siku za vyuma usizipunguze.